Kuku Wanapumzika Tu

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa. Si dhidi yangu. Dhidi ya kuku.

Jioni hii Mkwe, mume wa binti yangu, ameingia uani na utepe wa kupimia. Amepima banda la kuku, urefu na upana, kisha akasema kwa upole kwamba makopo yake ya rangi yangeenea humo vizuri sana. Ni fundi rangi. Makopo yako chini ya kitanda chao, nyuma ya mlango, na mengine nayaruka kila nikienda kuoga. Sikatai kwamba ni kero. Lakini banda lina wenyewe.

Wenyewe ni watatu. Shangazi, mkubwa wao, mguu mmoja mbovu. Karani, anayedonoa kila kitu kana kwamba anagonga muhuri. Bibi Harusi, mweupe, anayejisikia. Majina aliwapa marehemu mke wangu. Aliwalea tangu vifaranga, ndani ya boksi nililomletea kutoka kazini. Mimi ni fundi viatu, mstaafu. Yeye alitutoka mwaka jana. Kuku wamebaki. Na mimi nimebaki.

Tatizo ni mayai. Hakuna. Tangu mvua zilipokatika hatujaona hata moja.

Binti akaeleza mambo yalivyo. Jumapili mama mkwe wake anakuja kula chakula cha mchana, mara ya kwanza tangu harusi. Hawezi kumwekea mezani maharage matupu halafu mama huyo akasikia kuku wanawika uani. (Kuku wetu hawawiki. Ni majike. Sikumkatiza.) Kwa hiyo uamuzi: kuku anayetaga ataachwa. Asiyetaga atapikwa. Alisema hivyo akiwa ameinamia sinki, hakunitazama.

Nikasema hawajaacha kutaga, wanapumzika tu. Mkwe akauliza wanapumzika kutoka kazi gani. Jibu zuri kabisa lilinijia baadaye, nikiwa nimeshajipaka sabuni.

Hata hivyo nimepata wazo. Wanataka mayai? Watayaona mayai.

Jumanne, 4 Machi

Wazo lina kasoro moja. Mwenye mayai mtaa huu ni Bwana Ghala.

Bwana Ghala ni jirani yetu wa nyuma. Maisha yake yote alitunza ghala la serikali, na mpaka leo anatembea na shada la funguo ingawa hakuna tena kilichofungwa. Ana kuku wa kisasa, vijana, wote sawasawa kama wanafunzi kwenye gwaride. Pia ana tuta la mchicha, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Shangazi hupita chini ya ua na kuula. Kila wiki Bwana Ghala hunisimamisha njiani na kuniarifu hasara. Sijawahi kumwomba radhi. Ningeanzia wapi? Mchicha umepandwa kwenye mdomo wa kuku.

Leo nimekwenda kwake kwa unyenyekevu mkubwa. Siwezi kusema nataka mayai ya kuwawekea kuku wangu. Nikasema nina kikohozi, daktari ameniagiza ninywe mayai mabichi. Nikakohoa ili aone. Akanipa mayai, akanitazama sana kifuani.

Saa kumi jioni mama muuza mkaa amekuja kunipa pole. Baada yake mwenye cherehani wa kona. Kisha wamama wawili nisiowajua majina, na chungwa. Binti akanipima joto kwa kiganja na kuniuliza kwa nini nilimficha. Nimelazimika kulala kitandani na shuka mpaka shingoni huku mayai yakiwa mfukoni mwa suruali. Sijawahi kulala kwa uangalifu kiasi hicho.

Wote walipokwenda jikoni nilitoka kwa kunyata. Mayai mawili, moja chini ya Shangazi, moja chini ya Bibi Harusi. Shangazi alisogea kidogo kunipisha. Nadhani alielewa.

Jumatano, 5 Machi

Karani ameyala! Yote mawili! Nimekuta maganda, na Karani akipangusa mdomo kwenye nyasi kama mtu aliyetoka kwenye karamu.

Msaliti ndani ya nyumba. Nilimkaripia kwa sauti ya chini. Akanidonoa kifungo.

Nikakaa kwenye kigoda nikafikiri kama fundi. Kiatu kikipasuka huulizi mguu, unaongeza ngozi. Yai likipasuka? Liwe gumu. Gumu vipi? Mtoto mdogo angejua. Nimeyachemsha. Nilisubiri Binti aende kazini (ni karani wa risiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi), nikachukua sufuria ndogo, nikayatokosa mengine matatu ya Bwana Ghala mpaka yakawa kama mawe ya mtoni. Nikayapoza, nikayapaka vumbi kidogo na nyoya moja, ili yaonekane yana historia.

Karani alikuja, akadonoa mara moja, akasimama. Akanitazama. Akaondoka zake. Ushindi!

Mchana nimemshonea Shangazi kiatu. Kidonda cha unyayoni hakiponi, na simenti ya uani inamuumiza. Ngozi laini ya kondoo, kamba ya kufunga kwa nyuma, soli nyembamba. Alisimama bila kutetereka nilipompima. Wateja wachache walikuwa hivyo. Mke wangu angecheka mpaka akae chini. Alikuwa akilichukua yai la asubuhi, analiweka shavuni kwanza, anamwambia kuku ahsante bibi, ndipo analiingiza ndani. Mimi nilikuwa namwambia wewe, kuku haelewi ahsante. Akaniambia hata wewe huelewi, lakini sijaacha kukuambia.

Jioni Binti aliyakuta mayai. Alipiga ukelele mdogo wa furaha, akaniletea niyaone. Nikashangaa vizuri sana.

Alhamisi, 6 Machi

Sikufikiria kikaango.

Nilikuwa naweka sukari kwenye chai. Mkwe alikuwa anasubiri kifungua kinywa, tayari ndani ya ovaroli yake yenye madoa. Binti alipasha mafuta, akachukua yai la kwanza, akaligonga ukingoni. Halikumwagika. Akaligonga tena. Ganda likabanduka vipande vipande, na yai zima, jeupe, liking'aa, likadondoka kwenye mafuta, likaanza kuzungukazunguka humo kama mpira.

Binti akajaribu la pili. Nalo likazunguka.

Mkwe akainama kuchungulia kikaango, akakaa wima.

"Baba," akaniambia kwa heshima, "nadhani kuku wako ana homa kali sana."

Nikasema ni jua. Bati la banda linashika moto mno mchana. Nimewahi kusikia habari kama hizo. Wapi, akauliza. Nikasema redioni.

Binti alikuwa amenipa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani anacheka. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi, akatoka kwenda chumbani. Mkwe alimfuata, akaacha yai lake.

Lakini wameniamini! La jua nimelitoa papo hapo, bila maandalizi. Hata hivyo leo sijaweka yai lolote. Mtu akibahatika hivyo hurudi nyuma kidogo.

Mayai ya kikaangoni nimeyala mwenyewe. Yalikuwa matamu.

Ijumaa, 7 Machi

Muujiza.

Nitaandika polepole. Asubuhi nimefungua banda. Chini ya Shangazi, yai. Chini ya Bibi Harusi, yai. Kwenye kona ya Karani, yai jingine! Mimi sikuweka hata moja. Narudia, hata moja! WANATAGA!

Nimeyakagua moja baada ya jingine. La Shangazi lilikuwa baridi kama limetoka kwenye friji, lakini Shangazi ni mzee, damu haizunguki vizuri. La Karani lilikuwa na alama ya kidole ya rangi ya kijani. Makopo ya Mkwe, bila shaka. Karani hujisugua popote. Nililitikisa sikioni. Bichi! Halali kabisa!

Nimeliweka la Shangazi shavuni. Sikupanga kufanya hivyo. Kisha nikasema ahsante bibi, nikaangalia kama kuna mtu.

Nimemwita Binti. Amekuja mbio akiwa na kiatu kimoja. Ameshangaa sana, zaidi ya juzi, mpaka mkono mdomoni. Mkwe naye akatoka na mswaki. Akahesabu mayai kwa kidole, akahesabu tena, akamtazama mke wake, mke wake akamtazama yeye. Ni jambo zito kwa vijana, kuona uzee ukifanya kazi.

Baada ya hapo nilikwenda uani kwa nyuma nikaegemea ua na kumtaarifu Bwana Ghala kwamba kuku wangu wakongwe wamelishinda gwaride lake. Nilisema kwa kujidai, nakiri. Nikamwambia chakula cha kisasa si kitu, kuku anahitaji heshima. Alikuwa anamwagilia mchicha. Aliingiwa na kikohozi kikali. Nikamshauri anywe mayai mabichi.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi amekufa.

Nimemkuta asubuhi kwenye kona, kichwa chini ya bawa, kiatu mguuni. Hakuwa baridi bado. Nilikaa naye kwanza. Karani alikuja akamdonoa bawa mara moja, taratibu, kisha akasimama karibu. Bibi Harusi alikwenda mbali na kutupa kisogo.

Nikajua kitakachofuata. Kesho mgeni, sufuria inasubiri, na kuku huyu hapa ameshakufa bila kumsumbua mtu kwa kisu. Mtu angeweza kufikiri vibaya. Nikaamua: asionekane. Nikimaliza nitasema ametembea. Nikatoa boksi la buti kutoka juu ya kabati, kubwa kuliko yote niliyonayo, nikamlaza humo.

Uani kwetu kote ni simenti. Ardhi ya karibu ni moja tu. Mchicha.

Nimesimama mlangoni kwa Bwana Ghala na boksi mikononi, hotuba yangu tayari. Nilikuwa nimwambie ni viatu vibovu vya zamani, ngozi yake ni mbolea nzuri. Akafunua kifuniko kabla sijafika katikati.

"Ndiye Shangazi?" akauliza.

Sikujua kwamba anawajua kwa majina. Akasema nitawakosaje, mkeo alikuwa akiwaita kila jioni. Akaongeza kwamba kila Ijumaa mke wangu alimpitishia yai chini ya ua, fidia ya mchicha, na alimwomba asinieleze maana ningejitia kulipa mwenyewe na kugombana. Ndiyo sababu hakuwahi kuliziba lile tundu. Kumbe hasara zote alizokuwa akinitajia zilikwisha kulipwa. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akinidai kila wiki. Akasema tangu tustaafu hatuna jambo jingine la kuzungumza.

Akachukua jembe mwenyewe. Akachimba katikati ya tuta, kwenye mchicha mzuri kuliko wote, akaung'oa bila kuutazama. "Amenilia mboga miaka yote hii," akasema. "Sasa nani ataila?" Funguo zilikuwa zinagongana kiunoni kila akiinama.

Binti alitukuta hapo. Wazee wawili, jembe moja, boksi la buti. Aliniuliza nafanya nini. Uongo wa kutembea niliutafuta, haukuja. Nikasema Shangazi ametutoka, naomba asipikwe.

Alikaa chini kwenye udongo, na sketi yake ya kazini.

"Baba, nani ampike Shangazi? Mayai ya jana nimeyaweka mimi."

Nikamwambia haiwezekani. Akasema mawili ni yake, aliyatoa kwenye friji alfajiri. Lile la tatu hajui lilikotoka. Mkwe, aliyekuwa ameshafika na kusimama nyuma yake, akatazama vidole vyake. Vilikuwa vya kijani. Akasema yeye aliweka moja tu.

Wote tukamgeukia Bwana Ghala, maana mayai yote mtaani ni yake. Akasema ndiyo, walikuja wote watatu, kila mmoja kwa siri yake, na kila mmoja na ugonjwa wake. Hakumwambia yeyote. Mtunza ghala hatangazi ametoa nini kwa nani.

Binti akaeleza. Tangu mama yake afariki, asubuhi sitoki chumbani kwa sababu nyingine yoyote. Natoka kuwafungulia kuku. Nikishawafungulia ndipo nanawa, ndipo navaa shati. Aliogopa akija kusikia banda liko kimya, na mimi nitabaki kimya humo ndani. La sufuria alilisema Jumatatu kwa hofu ya mgeni, akalijutia kabla sahani hazijakauka, na hakujua jinsi ya kulirudisha. Alipoona mayai ya kuchemsha yakizunguka kwenye mafuta ndipo alipoelewa nimefika wapi.

Nikamwuliza kama habari ya jua hakuiamini hata kidogo. Akasema hata kidogo.

Tumemzika na kiatu chake. Bwana Ghala akauliza mguu wa pili je. Nikamwambia ulikuwa mzima.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka. Nimewafungulia wawili. Nimenawa. Shati.

Mgeni amefika. Mama yake Mkwe, ambaye humu nitamwita Mkwe Mkubwa, ni mama mnene, mwenye macho yasiyopitwa na kitu, na anakaa kwenye kiti kana kwamba amekinunua. Binti alikuwa na wasiwasi mpaka akavaa gauni nyuma mbele. Hakuna kuku sufuriani. Kulikuwa na maharage, wali, mchicha wa Bwana Ghala (yeye mwenyewe pia, amenyoa ndevu), na mayai. Mayai mengi! Manunuzi ya siri ya watu watatu. Ya kukaanga, ya kwenye mchuzi, ya kukatwa katikati.

Mkwe Mkubwa alikula kwa utulivu, kisha akauliza mayai yote haya yametoka wapi. Binti akashika kijiko. Mkwe, maskini, akitaka kumwokoa mke wake, akasema ni ya kuku wa Baba. Wanataga kila siku.

Siku zote nimesema kijana huyu hajui kudanganya. Leo amejua, kwa bahati mbaya.

Mkwe Mkubwa aliweka leso chini. Akasema mtoto wa mwenziwe amelelewa vizuri, anajua kutunza mji. Binti aling'aa uso mzima. Kisha mama huyo akasema anaomba kuku mmoja wa mbegu hiyo, wake wameibiwa wote. Akatoka uani bila kungoja jibu. Akamtazama Karani, Karani akamdonoa kidole cha mguu. Akamnyooshea kidole Bibi Harusi. Huyu.

Ningesema nini? Ningesema kweli, Binti angeumbuka mbele ya mama mkwe wake na sahani bado mezani. Nilimtazama Binti, naye akawa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa yanasema sema tu, Baba, liwalo na liwe. Kwa hiyo sikusema. Nimemtia Bibi Harusi kwenye kikapu kwa mikono yangu. Alijikunyata, akapanga manyoya yake. Anapenda kusafiri.

Mlangoni Mkwe Mkubwa aliniahidi kwamba atamtunza kama yai. Siku akiacha kutaga, akasema, atajua la kufanya.

Jumatano, 12 Machi

Simu. Bibi Harusi hajataga tangu afike. Mkwe Mkubwa anampa mpaka Jumamosi.

Uani kuna utulivu mbaya. Mkwe ameingiza makopo kwenye nusu ya banda, aliomba ruhusa kwanza, akaacha nusu kwa Karani na kumwekea majani mapya. Karani ametumia siku nzima kugonga muhuri kwenye lebo. Usiku hulala juu ya kopo la kijani. Amezoea kulala katikati ya wenzake wawili.

Nimemwambia Mkwe Mkubwa simuni kwamba kuku huyo ni mwenye haya. Asipomwona mtu aliyemzoea hatagi. Akasema basi njoo, mkwe, unywe na chai. Jumamosi asubuhi.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Alivuta kiti, akanikalisha. Aliongea nami kama ninavyoongea na kuku. Akasema yametosha. Nitakwenda mimi, nitamweleza mama mkwe wake ukweli wote, na yeye yuko tayari kwa aibu itakayokuja, na Bibi Harusi tutamwomba arudi. Akanitaka niahidi kwamba sitabeba yai hata moja kwenda kwa wakwe. Niinue mkono. Nikainua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefikiri sana juu ya ahadi. Ahadi kwa mtoto wako ni kitu kizito. Mke wangu hakuwahi kuvunja hata moja aliyompa Binti, na mimi sitaanza sasa. Sitabeba yai. Sitagusa yai. Nitakwenda kesho na mikono mitupu na kofia yangu.

Bwana Ghala anakuja nami. Nimemwambia safari ni ndefu na peke yangu nitachoka. Ana koti lake la zamani la kazini, lenye mifuko mikubwa ya kuwekea kalamu na stakabadhi. Jioni hii tumekaa kwake na nimeitia mifuko yote bitana ya ngozi ya kondoo, ile iliyobaki, na sponji katikati. Vyumba vinne, kila mfuko viwili. Kazi nzuri kuliko zote nilizofanya tangu nistaafu. Alilivaa, akaruka mara tatu, hakuna kilichosikika isipokuwa funguo.

Mpango ni rahisi. Mimi namshika Mkwe Mkubwa kwa mazungumzo ya mvua na magoti. Bwana Ghala anaomba kuona banda.

Aliniuliza tukikamatwa tutasema nini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, hapo ndipo uzuri wote ulipo. Tutasema ukweli, kama Binti alivyotaka. Mayai ni ya Bwana Ghala.